14 Juni mpaka 26 Agosti, mara mbili: kadi zilizonifunza kwa nini kadi hufungiwa

Mwezi wa saba 2019 nilitoa pesa nilizokuwa nikiweka kidogo kidogo tangu Ramadhani nikanunua kadi za karatasi. Sio simu, sio viatu, kadi. Na kabla mwezi wa nane haujaisha ile kubwa yao ikafungiwa, yani ukienda nayo kwenye mashindano unaambiwa itoe. Nilikasirika wallahi, wiki mbili sikutaka hata kuliona lile boksi. Ikapita miaka mitano, ikaja kadi nyengine kabisa, na mara hii mimi ndo nilikuwa upande wa kuumizwa, ndo nikaelewa kwa nini ile ya kwanza ilifungiwa na kwamba ilikuwa haki ifungiwe.

Kwa wasioujua, mchezo wenyewe ni Magic: The Gathering, ulitoka 1993, aliyeubuni ni Richard Garfield na kampuni ni Wizards of the Coast. Kila mtu anakuja na deki aliyoipanga mwenyewe nyumbani, kadi 60, na kadi ya jina moja mwisho nne, ukitoa zile ardhi za kawaida. Unaanza na uhai 20 na kadi saba mkononi, kila zamu unaokota kadi moja na unaruhusiwa kuweka ardhi moja chini, na ardhi ndo inakupa mana, mana ndo pesa ya kulipia kila unachotaka kufanya. Kwa hivo zamu ya kwanza una mana moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, mchezo unapanda ngazi taratibu na nyote wawili mnapanda pamoja. Shikeni hapo kwenye kulipa, manake kadi nyingi sana zilizofungiwa kwa ajili ya nguvu zilifungiwa kwa sababu zilipata uchochoro wa kupita bila kulipa.

Mimi wa Mombasa, nimekulia Majengo, Minneapolis nilifika 2017. Mchezo nilioneshwa na jamaa wa kazini, tulikuwa zamu moja ghalani na kila tukipumzika yeye anatoa deki mbili kwenye begi, moja yake moja ya kumfunzia mtu. Mimi kadi tangu utotoni ndo zangu, kwa hivo haikuchukua muda. Mwisho wa mwaka ule nishaanza kwenda duka moja kila Ijumaa jioni, manake Ijumaa maduka mengi ya mchezo huu yana mashindano madogo, unatoa kiingilio kidogo unacheza raundi tatu nne unarudi kwako. Theluji nje imefika magotini, ndani meza zimejaa watu, na mtu usiyemjua hata jina anakaa mbele yako anakupa deki yake uikate kama vile mnajuana miaka. Kwa mgeni asiyekuwa na watu mjini ile ilikuwa kitu kikubwa sana kwangu, na naisema mapema ili muelewe kwa nini haya mambo ya kadi kufungiwa yananigusa hivi.

Tulikuwa tunacheza fomati inaitwa Modern, na fomati ni sheria ya kadi zipi zinaruhusiwa. Ilianzishwa 2011, inaruhusu kadi za kuanzia 2003 kuja huku, kwa hivo mtu anaweza kukaa na deki moja miaka na miaka akiibadilisha kidogo kidogo. Sasa 14 Juni 2019 ikatoka seti inaitwa Modern Horizons, na hii haikupitia njia ya kawaida ya seti nyengine, ilishushwa moja kwa moja ndani ya Modern. Ndani yake mlikuwa na kadi inaitwa Hogaak, Arisen Necropolis.

Hogaak ni dubwana la 8/8, yani anapiga nane na kumuua lazima umpige nane, na ukimkinga kwa kiumbe kidogo anakikanyaga ile nguvu iliyobaki inakufikia wewe. Bei yake iliyoandikwa juu ni mana saba. Lakini kadi yenyewe inasema huruhusiwi kabisa kumlipia kwa mana! Unamlipia kwa kuwalaza viumbe wako uliokwisha kuwaweka mezani, na kwa kuzifukuza kadi zilizoko kaburini mwako, yani lile rundo la kadi zako zilizokwisha kutumika au kufa, na juu ya hayo unaweza kumleta kutoka kaburini kwenyewe. Ukiisoma unadhani lile sharti la kutotumia mana ni mzigo. Kumbe ndo ufunguo. Unajaza kaburi haraka, unaweka vijidudu viwili vya bei rahisi, na zamu ya pili, mwenzako ana ardhi mbili tu mbele yake, dubwana la nane lishasimama. Na hata ukimuua, anarudi.

Mwezi wa saba kampuni ikafungia kadi nyengine kwenye deki ile, Bridge from Below, kadi ya 2007 iliyokuwa ikitoa zombi kila kiumbe chako kikifa. Mimi nikasema haya, wameshakata walichotaka kukata, mti wenyewe wameuacha, sasa ni salama kununua. Nikanunua wale Hogaak wanne na vyengine vyote vilivyobaki. Jamaa wa kazini aliniambia ngoja kwanza ndugu yangu, nikamwambia ningojee nini, si washaamua.

Ijumaa ya pili na ile deki nilipangiwa na kijana wa miaka kumi na tatu hivi, amekuja na babake, baba amekaa kwenye kiti cha ukutani na kahawa. Kijana alikuwa na deki ya elfu, wale watu wa msituni wenye masikio marefu, na ilionekana kaipanga mwenyewe maana mlikuwa na kadi moja moja za kila aina na mifuko ya plastiki ya rangi mbili tofauti. Mchezo wa kwanza zamu ya pili nikaweka Hogaak. Akaisoma ile kadi. Akaisoma tena. Akaniuliza kwa adabu kabisa kama kweli sikulipa chochote, nikamwonesha maandishi. Mchezo wa pili akaanza yeye, akaweka elfu mmoja, akaweka wa pili, na uso ukaanza kuchangamka, halafu zamu ya tatu nikaleta Hogaak tena. Kwa saa mkononi mwangu raundi nzima haikufika dakika kumi na mbili. Alizikusanya kadi zake akazifunga na raba bendi, akaenda kukaa na babake, na kwa sababu raundi ni dakika hamsini walikaa pale ukutani zaidi ya nusu saa wakingojea raundi nyengine. Kabla haijaanza wakaondoka.

Nilishinda zile raundi zote siku ile. Nikarudi nyumbani nikamwambia dadangu kwenye simu nimeshinda, na nilifurahi, sisemi uongo. Lakini yule kijana kuzifunga kadi na raba bendi nimebaki naye mpaka leo.

26 Agosti 2019 tangazo likatoka. Hogaak amefungiwa. Na pamoja naye wakafungia Faithless Looting, na hii ndo iliyonivunja moyo zaidi, manake Hogaak nilikuwa naye wiki chache lakini Looting ilikuwa kadi yangu tangu nianze. Kadi ya mana moja tu nyekundu: okota mbili, tupa mbili, na baadaye ukitaka unaweza kuitumia tena kutoka kaburini kwa mana tatu. Nilikuwa nazo nne, moja ishapinda kona kwa kuchangwa. Hasira yangu wakati ule ilikuwa hii: mtu nimelipa pesa yangu halali, dukani, kadi mumeichapa nyinyi, mumeiuza nyinyi, halafu mnaniambia nisiitumie? Na ukiangalia vizuri ile hoja ya pesa si hoja ya kipuuzi. Kuna watu hii ni akiba yao. Nilisema kwenye kila meza niliyokaa, mpaka watu wakachoka na mimi.

Nilichokuwa sikioni ni nini kilikuwa kimetokea kwenye duka lile kati ya Juni na Agosti. Watu walikuwa wakiweka kadi inaitwa Leyline of the Void nne nne ndani ya deki, sio zile kadi 15 za pembeni unazoingiza baina ya mchezo na mchezo, la, ndani kabisa, kwa sababu moja tu, inazima kaburi la mwenzako. Kadi ambayo ukikutana na mtu asiyetumia kaburi haikusaidii kitu. Fikiria unapika kila siku na nusu ya sufuria umeiacha kwa mgeni mmoja ambaye huenda akaja huenda asije. Deki za samaki, deki za majini, deki za mzee mmoja aliyekuwa anapenda viumbe vya miti, zote zilikuwa na kadi nne zilezile, na wengine waliona bora wabaki nyumbani. Duka la watu ishirini na kitu likawa la watu kumi na wawili, na kati ya hao nne ni Hogaak. Mimi nilikuwa naona nashinda tu.

Ngoja nirudi Mombasa kidogo manake jibu nilikuwa nalo tangu zamani ila sikuliunganisha.

Kwetu usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe tulikuwa tunakaa barazani kucheza kadi mpaka karibu na daku. Hii kadi ya kawaida ya Kenya kila mtu anaijua, ukibakisha za kumalizia unasema "niko kadi", mbili na tatu ni za kulisha mtu, J ni ya kuruka, na huwezi kumaliza na kadi ya kulisha. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini huwezi kumaliza na kadi ya kulisha, ndo sheria tu tumezaliwa tumeikuta. Sasa usiku mmoja tumebaki wawili mimi na binamu yangu, na mkiwa wawili J inamruka mwenzako kisha zamu inarudi kwako wewe mwenyewe. Binamu akaweka J, akaweka J nyengine, akaweka J ya tatu, mimi nimeshika kadi zangu mkononi nimesimamisha tu kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa wenyewe. Akamaliza. Tukacheza tena, ikatokea tena karibu vilevile. Nikakataa kucheza, yeye akasema mbona unakataa, sijaiba, sheria ni sheria. Na kweli hakuiba. Mjomba wetu alikuwa amelala kwenye mkeka tukidhani kalala, akasema bila kufungua macho, "Kuanzia leo mkiwa wawili J hairuki. Yeye hajaja kukutazama wewe ukicheza." Basi. Hakuna aliyebishana. Na mpaka leo pale barazani kwetu mkiwa wawili J hairuki.

Hajaja kukutazama wewe ukicheza. Nilikuwa na miaka kumi na moja.

Baada ya Hogaak, hata miezi miwili haikutimia, 4 Oktoba 2019, ikatoka Oko, Thief of Crowns. Sitakaa sana hapa. Kadi ya mana tatu, kila zamu inaweza kumgeuza kiumbe chochote au chombo chochote kuwa kulungu wa 3/3 asiye na uwezo wowote. Mtu umejenga deki yako karibu na malkia fulani, umengoja zamu tano umlete, anafika, anageuzwa kulungu. Kila meza kulungu. Standard, ile fomati ya seti mpya mpya tu, walimfungia 18 Novemba mwaka huohuo, Modern ikafuata Januari 2020. Kwa Oko sikulalamika hata kidogo, na jamaa wa kazini akanicheka, akasema si wewe mwezi wa nane ulikuwa unasema ukilipa ni haki yako? Sikumjibu. Sikuwa na jibu.

Halafu ikaja 2020 na maduka yakafungwa. Tarehe 25 Mei George Floyd akauawa hapa mjini, pale makutano ya 38th na Chicago Avenue, sio mbali na ninapokaa, tulikuwa tunasikia helikopta usiku kucha na moshi wa Lake Street unaingia dirishani. Tarehe 10 Juni Wizards wakatangaza kufungia kadi saba za zamani, na hizi hazikufungiwa kwa nguvu. Moja inaitwa Invoke Prejudice, picha yake ni watu wamevaa makofia yale yenye ncha kama ya Ku Klux Klan. Moja inaitwa Cleanse, maana yake safisha, na kazi yake ni kuua viumbe vyote vyeusi vilivyoko mezani. Nyeusi kwenye mchezo ni rangi ya mana, najua, sio ngozi. Lakini soma jina, soma maandishi, halafu kaa Minneapolis wiki ile na ngozi yangu. Na moja ilikuwa Jihad, ya seti ya Arabian Nights ya 1993: unachagua mpinzani na rangi, na maadamu ana kitu cha rangi ile mezani viumbe vyeupe vinaongezeka nguvu. Mimi neno lile nimefunzwa chuoni kwa maalim, likiwa na maana ya mtu kupambana na nafsi yake kwanza. Miaka ishirini na sita na ushei lilikuwa limekaa kwenye kadi namna ile.

Kuna watu walisema kadi zenyewe hakuna anayezicheza, kwa hivo kufungia kuna faida gani. Mimi faida niliiona. Nishawahi kukaa kwenye ile meza nikiwa mtu mweusi peke yangu dukani, Muislamu peke yangu dukani, nakuja nimeshaswali Magharibi kwenye gari. Siku ile niliisoma orodha mara mbili, na kwa mara ya kwanza nikafikiri kwamba kufungia kadi ni kumuangalia mtu aliyekaa upande wa pili wa meza. Lakini bado sikuirudisha fikra ile kwa Hogaak wangu. Mtu huwa mgumu kujiona.

Sasa 2024. Hapa ndo pahala penyewe.

14 Juni 2024, tarehe ileile, ikatoka Modern Horizons 3. Ndani yake mna ndege anaitwa Nadu, Winged Wisdom. Mana tatu, anapaa, 3/4. Na anawapa viumbe vyako vyote uwezo huu: kila kiumbe kikilengwa na chochote, unafunua kadi ya juu ya deki, ikiwa ardhi inakwenda mezani, ikiwa si ardhi inakuja mkononi. Kila kiumbe mara mbili kwa zamu. Ukisoma haraka unaona kama zawadi ndogo ya kujikinga, mwenzako akimlenga ndege wako unapata kadi. Lakini kuna kadi ya zamani inaitwa Shuko, silaha ambayo kumvisha kiumbe ni bei sifuri. Sifuri! Unamvisha huyu, kadi. Unamvisha tena, kadi. Unahamia kwa yule, kadi, kadi. Na kuna kadi ya tatu, Springheart Nantuko, inayokupa kiumbe kipya kila ardhi ikiingia, na kiumbe kipya naye ana mara mbili zake. Mwisho wa mwezi wa sita kulikuwa na mashindano makubwa Amsterdam na Simon Nielsen akayachukua na Nadu.

Mwezi wa saba nilikwenda na mpwa wangu, mtoto wa dadangu, amekuja kusoma huku. Yeye alikulia kwenye Yu-Gi-Oh, mchezo mwengine wa kadi, na nilikuwa namshawishi ahamie. Raundi ya pili nikapangiwa na kijana mmoja mpole sana, mwanafunzi, ana Nadu. Mchezo wa kwanza zamu yake ya nne, simu yangu iko mezani, nikaangalia saa ilikuwa saa moja na dakika ishirini na mbili. Akaweka Shuko juu ya ndege. Akafunua. Ardhi. Mdudu mpya. Akahamisha Shuko. Akafunua. Si ardhi, mkononi. Akahamisha. Kila mara anaandika kwenye karatasi kiumbe kipi kishatumia mara ngapi, vijistari vidogo vidogo, kwa sababu lazima vihesabiwe. Na hili ndo watu wengi hawalielewi: angekuwa na kitu cha uhakika angesema tu narudia hivi mara elfu, umekufa, tukachanga upya. Lakini hajui kadi inayofuata ni ipi, kwa hivo hawezi kuruka, lazima afunue moja moja mpaka aidha apate au akwame. Akafunua na kufunua. Akaniomba radhi. Akafunua. Nikamwambia endelea tu. Mpwa wangu alishamaliza raundi yake akaja kusimama nyuma yangu, akaniuliza kwa Kiswahili, "Mjomba, zamu yako lini?"

Saa moja na dakika thelathini na tisa akakwama. Ardhi zimeisha mfululizo, hana pa kwenda. Dakika kumi na saba, na hakushinda hata. Akasema zamu yako. Nikaangalia mkononi mwangu, kadi tano, na wallahi nilikuwa nimesahau nilikuwa napanga kufanya nini. Mbele yangu kuna viumbe kumi na nne na karatasi ya vijistari. Nikajitoa mchezo ule. Wa pili haukuisha, muda ukaita, tukamaliza zile zamu tano za nyongeza, akashinda raundi moja kwa sifuri.

Nilipoinuka kumpa mkono ndo nikamwona yule mtoto wa raba bendi. Na nikamsikia mjomba kwenye mkeka. Vyote kwa pamoja, pale pale nimesimama.

Manake yule mwanafunzi hakuniibia. Na mimi 2019 sikumwibia yule kijana. Na hata nguvu si neno lenyewe, kuna kadi za nguvu kuliko Nadu zimekaa Modern miaka hazijaguswa kwa sababu ukizikuta una la kufanya, unafikiri, unakosea, unapatia. Kadi inafungiwa pale inapomgeuza mwenzako kuwa mtazamaji. Hogaak alimfanya mtazamaji kwa kummaliza kabla hajaanza, Nadu kwa kumkalisha. Oko kwa kumgeuzia kila alicholeta. Sensei's Divining Top, ambayo kazi yake ni kukuruhusu kuzipanga kadi tatu za juu kila unapotaka, Modern haikuwahi hata kuingia, na sababu mojawapo ni muda tu, watu wanaipindua pindua na saa inakwenda. Kule kwa mpwa wangu kwenye Yu-Gi-Oh kuna Pot of Greed, okota kadi mbili bure, imefungiwa miaka na miaka, nikamuuliza kwa nini, akasema, "Mjomba, ikirudi nani hataiweka?" Ndo hivo, mtu hana tena cha kuchagua nyumbani akipanga deki yake.

26 Agosti 2024 Nadu akafungiwa. 14 Juni mpaka 26 Agosti, siku 73, sawasawa na Hogaak mpaka tarehe, nilihesabu kwa vidole nikahakikisha na kalenda. Na siku ile Michael Majors, mmoja wa waliomtengeneza, aliandika waziwazi jinsi ilivyotokea: ndege alikuwa na maandishi mengine, yakabadilishwa mwisho mwisho wakimfikiria kwa watu wa Commander, fomati nyengine ya mchezo huuhuu, na maandishi yale ya mwisho hawakuyajaribu mezani. Mimi namheshimu sana kwa kuandika vile. Kwa sababu ni kisa kilekile cha Skullclamp ya 2004, kifaa cha mana moja, kumvisha kiumbe mana moja, kikifa unaokota kadi mbili. Wakaibadilisha ikawa inapunguza uhai wa kiumbe kwa moja. Kumbe sasa ukimvisha kiumbe kidogo cha 1/1 kinakufa palepale na wewe unaokota mbili. Ilitoka Februari, Juni ikafungiwa Standard. Miaka ishirini baina yao na kosa ni moja, maandishi ya mwisho hayakujaribiwa vya kutosha mezani.

Hapo lawama zangu zilipobaki ndo hapo. Wakifungia siwalaumu tena. Nawalaumu kwa kutocheza kabla ya kuuza, kwa sababu anayelipa ni kijana aliyenunua Julai. Mwezi wa tisa mwaka huohuo upande wa Commander walifungia Mana Crypt na Jeweled Lotus na nyengine mbili, watu wakapoteza pesa nyingi, na wengine wakafika kuwatishia wale wa kamati, watu waliokuwa wanaisimamia fomati ile kwa kujitolea, mpaka kamati ikaiachia kampuni kazi yote. Uchungu wa pesa naujua, nimeulala nao. Lakini kumtishia mtu, la.

16 Desemba 2024 likaja tangazo ambalo sikulitarajia. Modern wamefungua kadi nne: Mox Opal, Green Sun's Zenith, Splinter Twin ambayo watu waliililia tangu Januari 2016, na Faithless Looting. Nilikuwa kazini, nikaiacha troli katikati ya njia nikasoma tena. Waliiona miaka mitano imepita, mchezo umepata kasi, na Looting peke yake bila Hogaak haimkalishi mtu tena.

Ijumaa ile nilitoa boksi kabatini. Zote nne zilikuwepo, na ile yenye kona iliyopinda bado imepinda. Mpwa wangu akanisaidia kuzivisha mifuko mipya, kwenye meza ya jikoni, chai ya tangawizi pembeni. Raundi ya kwanza nikapangiwa na msichana wa chuo, zamu ya kwanza nikaweka ardhi nyekundu na Looting juu yake. Akaichukua akaisogeza karibu na macho, hakuwahi kuiona mkononi kwa mtu, alipoanza kucheza ilikuwa imeshafungiwa. Akaisoma yote, akanirudishia. "Okota mbili," akasema, "halafu tupa mbili." Nikaokota mbili. Nikakaa kufikiri zipi nitupe, na yeye mbele yangu keshaweka ardhi yake moja, kadi zake mkononi, anangoja zamu yake.